Gemu linapozima kompyuta: Safari ya 'sipiyu' kutoka Kimara hadi Kariakoo

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kituo cha mwendokasi cha Kimara Mwisho huwa na nafasi ya kupumua. Wafanyakazi wa maofisini bado wamelala, na wafanyabiashara wanaofuata mzigo wa jumla mjini walishapita alfajiri. Ndiyo saa aliyoichagua mama mmoja mkazi wa Kimara Temboni, kwa sababu kijana wake wa kidato cha pili alikuwa amekumbatia sipiyu ya kompyuta iliyofungwa kwa khanga kuukuu, na siku ya kazi hakuna abiria ambaye angewavumilia mlangoni.

Kwa wataalamu, sipiyu ni kile kipande kidogo cha ndani kinachopiga hesabu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, sipiyu ni boksi zima, na hata mafundi wanaojua tofauti hiyo hawabishani na mteja. Kioo, kibodi na mausi vilibaki nyumbani. Fundi yeyote anavyo vyake, na kubeba kioo ndani ya basi ni kujitafutia hasara nyingine.

Ugonjwa wa boksi lile ulikuwa na miezi minne. Kijana akifungua gemu la mpira, dakika 15 au 20 baadaye kompyuta inazima ghafla, kisha inajiwasha yenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini. Asubuhi iliweza kuvumilia hata saa nzima. Jioni haikufika kipindi cha pili.

Fundi wa kwanza, wa mtaani kwao, alisema ni virusi. Akapiga Windows upya, akalipwa Sh25,000, na siku ya tatu ikazima. Alipoitwa tena akasema wapige nyingine. Baba wa nyumba naye akatoa hukumu yake: mtoto ameiua kompyuta kwa magemu. Boksi likafunikwa kitambaa, na kijana akapigwa marufuku kuligusa kwa wiki tatu.

Hukumu hiyo ingeweza kusimama hadi leo kama si dada mtu, mwanafunzi wa chuo. Wiki iliyotangulia safari hii alikuwa anahariri video ya mradi wake, hakuna gemu lililofunguliwa, na kompyuta ikazima vilevile. Tatizo ni kwamba pembeni kulikuwa na faili jingine wazi: hesabu za kikoba cha mama yake, chenye akina mama 28, kinachovunjwa na kugawana fedha kila Desemba. Mama ndiye mweka hazina. Alipojaribu kulifungua faili lile, kompyuta ikamjibu kwamba limeharibika. Aliogopa, akazima, na hakugusa tena. Daftari la karatasi lilikuwa limeishia Agosti.

Kwa hiyo boksi lililobebwa kwa khanga asubuhi ile halikuwa la kuchezea tu.

Njia yenyewe haina mapambo. Basi linateremka Barabara ya Morogoro, linapita chini ya madaraja ya Kijazi pale Ubungo, linaiacha Manzese na maduka yake ya nguo za mitumba, linafika Magomeni, kisha linashuka Jangwani. Hapo bonde la mto Msimbazi limetanda pande zote mbili, na mvua kubwa zikinyesha maji hupanda hadi barabarani na mabasi kusitishwa. Anayepanga safari ya Kariakoo msimu wa masika ataangalia mawingu kwanza, hasa kama amebeba kitu kisichopenda maji. Kituo cha Fire basi likakata kulia, na mama na mwanawe wakashuka Msimbazi Polisi.

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waliopigiwa kambi eneo hilo baada ya Wajerumani kuondolewa mjini. Zaidi ya miaka 100 baadaye watu bado wanabeba. Asubuhi ile walipita vijana wenye marobota ya vitenge kichwani, mikokoteni ya mabegi ya shule, na mzee aliyebeba masufuria yaliyofungwa kama mnara. Mtoto mwenye sipiyu kifuani hakugeuzwa macho na mtu.

Waliomgeukia ni mawinga. Winga ni kijana asiye na duka anayekupeleka kwenye duka la mwingine, na bei utakayotajiwa huko ina chake ndani. Mtaa wa Aggrey unajulikana zaidi kwa simu, na mawinga wake wanaona mteja kabla mteja hajajiona. "Mama yangu, unauza hiyo? Bosi, nina mtu wa kompyuta ghorofani, dakika tano tu." Mama alijibu "ahsante, tunajua tunakokwenda", jibu ambalo kila mgeni wa Kariakoo angefaa kulifanyia mazoezi nyumbani, hata kama hajui anakokwenda.

Wao walikuwa wanajua. Mwanachama mmoja wa kikoba alikuwa amewaelekeza: jengo fulani, ngazi za nyuma, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho. Majengo mengi ya sasa ya Kariakoo yamejengwa juu ya viwanja vya nyumba za Kiswahili zilizokuwa na vyumba sita na uani, na ukubwa wa kiwanja haukubadilika. Ndiyo maana ngazi ni nyembamba na fremu ni ndogo. Kutoka ghorofa ya kwanza, ya spika, muziki wa nyimbo tatu tofauti ulipanda pamoja nao. Ghorofa ya pili ilinuka katoni mpya. Ya tatu ilinuka risasi iliyoyeyushwa.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, miwani imesukumwa juu ya paji, fremu yake haizidi hatua nne. Kijana akaamkia "shikamoo". "Marahaba, bwana mdogo. Weka chini taratibu." Hakushika bisibisi. Alivuta kigoda akamkaribisha mama, kisha akaanza kuuliza, na maswali yake hayakumlenga mama bali mtoto.

"Inazima, au gemu ndiyo inajitoa?"

Kijana hakuelewa tofauti.

Fundi akamweleza. Kuna kompyuta ambayo gemu linatoweka na kukurudisha kwenye skrini ya mwanzo, lakini kompyuta yenyewe inaendelea kuwaka. Kuna inayoleta skrini ya bluu yenye maandishi. Na kuna inayozima kabisa, kama umechomoa waya. Mtu anayesema tu "inazingua gemu" anachanganya magonjwa matatu katika jina moja, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Gemu likijitoa peke yake, mara nyingi kosa liko upande wa programu. Draiva ya kadi ya grafiki imepitwa na wakati. RAM ni ndogo kuliko gemu linavyotaka. GTA V ya mwaka 2015, kwa mfano, inataka GB 4 kwa uchache na GB 8 ili itulie, na zipo kompyuta nyingi majumbani zenye 4 tu ambazo Windows yenyewe inazigombania. Au mafaili yake yamepungua. Hapo fundi alimtazama kijana juu ya miwani na kuuliza gemu alilipata wapi. Kijana akajibu kwa sauti ndogo kwamba aliwekewa kwenye flashi, kibanda cha muvi, kwa Sh2,000.

Hakugombezwa. Magemu ya flashi ni yale yaliyovunjwa kufuli, na programu ya kuzuia virusi ikiyaona hufuta baadhi ya mafaili yake kimya kimya. Mtoto anajua tu kwamba jana lilicheza na leo halichezi. Anachofanya ni kuizima programu hiyo ya ulinzi ili gemu liende, na hapo mlango unabaki wazi kwa virusi vya kweli. Mzazi anayeweka hesabu za watu wengine kwenye kompyuta hiyohiyo ana haki ya kuuliza swali la fundi yule nyumbani kwake.

Skrini ya bluu inataka macho mengine. Mara nyingi ni draiva, au kipande cha RAM kibovu au kilicholegea. Yale maandishi yapigwe picha kwa simu kabla hayajapotea, kwa sababu fundi atakuja kuuliza yalisemaje na hakuna anayekumbuka.

"Yangu haina bluu," kijana akasema. "Inazima tu. Halafu inawaka."

"Basi hiyo ni joto au ni umeme," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza akageuka kwa mama. "Dada, kabla sijafungua chochote, ndani kuna kitu unachokihitaji?"

Mama alifungua mdomo kusema kuhusu kikoba, na machozi yakatangulia.

Ilichukua kama dakika 40. Fundi aliunganisha kioo chake, akawasha, akanakili kwanza kila kilichokuwa kwenye makabrasha ya familia kwenda kwenye diski yake ya nje, mama akiangalia. Faili la kikoba lilikataa kufunguka, kama alivyosema. Lakini programu ya Excel ina tabia ambayo watu wengi hawaijui: isipobadilishwa, kila baada ya dakika 10 hujiwekea nakala ya akiba ya faili lililo wazi, mahali palipofichwa ndani ya makabrasha ya mtumiaji. Kwa kuwa mama aliogopa na hakuendelea kubonyezabonyeza, nakala ile ilikuwepo. Ilikosa marejesho ya watu wawili walioandikwa mwishoni. Mama aliwakumbuka kwa majina na kwa shilingi.

Hapa ndipo uzito wa kile fundi wa kwanza alichotaka kufanya unapoonekana. Kupiga Windows kwa kufuta diski ni dawa inayotolewa haraka sana mitaani, kwa sababu ni rahisi, inalipa, na kwa siku mbili kompyuta inaonekana mpya. Ingefuta nakala ile. Na isingetibu kitu, maana hakuna Windows duniani inayoongeza umeme ndani ya boksi.

Windows hata hivyo ni shahidi mzuri. Huandika shajara ya kila siku ya kilichoharibika, na si lazima uwe fundi kuisoma: andika neno "reliability" kwenye sehemu ya kutafutia, na utaletewa kalenda yenye alama nyekundu siku za matatizo. Fundi alikwenda ndani zaidi, kwenye kumbukumbu za mfumo, akamwonyesha kijana mstari uliojirudia, wenye namba 41. Maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Haisemi ni kwa nini. Lakini saa zake zilikuwa za jioni karibu zote, na kwenye tarehe za wiki tatu za marufuku ulikuwepo mstari mmoja tu, ule wa usiku wa dada.

Kisha likafunguliwa. Vumbi lilikuwa limelala kwenye mapezi ya shaba na alumini kama pamba ya godoro, lenye unyevunyevu wa chumvi ambao wakazi wa pwani wanaufahamu kwenye madirisha yao. Fundi alilipeleka boksi koridoni, akashikilia feni kwa kidole ili isizunguke hovyo, akapuliza kwa blowa. Wingu lilitoka, na jirani wa mlango wa pili akafunga mlango kwa lawama. Akatoa kipoozeo, akafuta pesti kuukuu iliyokuwa imekauka kama matope ya kiangazi, akaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Vipande vya RAM alivitoa na kuvisugua miguu kwa ufutio wa shule, kisha akavipitisha kwenye jaribio lililomo ndani ya Windows yenyewe. Vilikuwa vizima.

Kabla ya usafi, kompyuta ikifanyishwa kazi nzito ilifika nyuzi 93 za Selsiasi, na vichakato vingi vya aina hiyo vinaanza kujipunguza kasi au kuzima vinapokaribia 100. Baada ya usafi ilisimama kwenye 71. Kijana alitabasamu. Mama alianza kufungua pochi.

Fundi akafungua gemu. Dakika ya 23, ikazima.

Kuna mafundi ambao wangekwisha kupokea fedha na kusema "ikizingua tena rudi". Huyu alikaa kimya kidogo, kisha akaichomoa kadi ya grafiki, ile kubwa yenye feni, akaunganisha kioo kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Gemu likawa linakwenda kwa kusuasua, picha kama za simu ya zamani. Lakini lilikwenda. Mechi moja, ya pili, ya tatu. Adhuhuri ikaadhiniwa, fundi akatoka kwenda kuswali na kuliacha linacheza lenyewe. Muuza kahawa alipita na birika lake, mama akanunua vikombe viwili na kashata. Fundi aliporudi, lilikuwa bado linacheza.

"Kadi hii mlinunua wapi?"

Ilinunuliwa humohumo Kariakoo, Januari, kwa fedha ya zawadi ya mjomba. Winga aliwapeleka. Muuzaji alifunga, akaona waya wa umeme wa kadi haupo kwenye boksi, akaongeza kiunganishi cha kubadilishia waya, akasema tayari.

Fundi aligeuza pawa saplai, kile kisanduku cha chuma cha nyuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, akamwambia kijana asome kwa sauti. Kijana akasoma: wati 240.

Kisha wakapiga hesabu nyuma ya risiti. Kadi ilikuwa GeForce GTX 1060, toleo la mwaka 2016, inayokula wati 120 ikifanya kazi kamili. Kichakato, wati 65. Ubao mkuu, diski, feni na vingine, kama 40. Jumla 225. Mama akasema mbona bado ni chini ya 240. Fundi akasema ndiyo, kwenye karatasi. Lakini kadi hupiga miruko ya sekunde kidogo inayovuka kiwango chake, na pawa saplai iliyofanya kazi miaka nane ofisini Ulaya haina tena nguvu iliyoandikwa ubavuni. Mtengenezaji wa kadi ile mwenyewe anashauri wati 400.

Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo kwa bei ya mzazi wa kawaida ni hizi: za ofisi, za mitumba, zilizoshushwa kwa makontena. Ni imara, na kwa kuandika barua na kufanya kazi za shule hazina mpinzani. Zilijengewa umeme wa kazi hiyo. Kuzitia kadi kubwa ya magemu ni kama kumtwika punda mzigo wa fuso. Atatembea, lakini mlimani atalala. Na mlima wa kompyuta ni dakika ile gemu linapojaa wachezaji na watazamaji.

Swali la jioni nalo likapata jibu. Fundi aliuliza taa za kwao zikoje saa moja usiku. Mama akacheka: hufifia, kila mtu anawasha jiko, pasi na feni. Umeme wa ukutani unaposhuka, pawa saplai hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili itoe nguvu ileile, na iliyokwisha kuelemewa huishiwa pumzi. Zaidi ya hapo, kompyuta ile ilichomekwa kwenye ekstensheni moja na friji.

Ili kuondoa shaka, fundi alirudisha kadi kubwa, akaunganisha pawa saplai yake ya majaribio ya wati 500 kwa waya wa kubadilishia, maana boksi za ofisi mara nyingi zina plagi zake za pekee zisizolingana na za kawaida. Akawasha gemu, picha zikiwa juu kabisa. Saa moja ilipita. Haikuzima.

Kijana alikuwa anahema kama aliyecheza yeye. "Kwa hiyo siyo mimi," akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Mama aliinuka, akatoka koridoni na simu. Maongezi yake na baba watoto hayakuwa marefu. Alisikika akisema, "Hapana, siyo virusi. Hapana. Mtoto hakuharibu kitu. Tulinunua kitu kikubwa kuliko umeme wake." Kisha kimya cha kusikiliza. Kisha, "Basi utamwambia mwenyewe."

Njia zilikuwa mbili. Kununua pawa saplai kubwa pamoja na waya wa kubadilishia, na kutafuta namna ya kuifunga kwenye boksi ambalo matundu yake ya skrubu hayalingani nayo. Au kuibadilisha kadi kwa ndogo zaidi. Kijana alitaka ya kwanza, na sababu zake alizieleza vizuri, moja baada ya nyingine. Mama alisikiliza zote. Kisha akauliza ipi inabakisha fedha.

Muuzaji wa Januari alikataa kuitazama kadi, akisema bidhaa ikitoka haikurudi. Duka jingine, ghorofa ya chini, lilikubali kubadilishana: wao wakatoa GTX 1050 Ti, kadi inayokula wati 75 na kupata umeme wake wote kwenye ubao bila waya wa pembeni, wakaongeza Sh60,000, kwa kuwa ile kubwa bado ina thamani zaidi. Kwa kadi hii mtengenezaji anashauri wati 300, na fundi hakuficha jambo hilo. Kwa hesabu yake, jumla ilishuka hadi 180 na kuacha nafasi ya 60, na amekwisha kuziona nyingi zikiishi hivyo miaka mingi. Lakini hakutaka waondoke na hesabu tu. Aliifunga, akawasha gemu na picha za kiwango cha kati, akawaambia wakale. Walirudi baada ya saa mbili na sahani zao za wali maharage tumboni. Ilikuwa bado inacheza.

Kijana alichungulia kioo kwa muda. Nyasi za uwanja hazikuwa zinang'aa kama zamani na mashabiki wa jukwaani walikuwa wamekuwa mabaka ya rangi. Hakulalamika. Kabla boksi halijafungwa, alitoa simu ya mama yake akapiga picha za ndani: RAM mbili na lebo zake, diski, kadi. Fundi akacheka akasema amefanya vyema, na wangefanya hivyo kabla ya kuja. Boksi likiachwa kwa fundi usiku mmoja, picha ndiyo inayosema liliingia na RAM ngapi. Siku hiyo hawakuhitaji, kwa kuwa hawakuondoka machoni pake ila kwa chakula.

Fundi alitoza Sh40,000. Katika ile 60,000, mama alilipa hiyo, na 20,000 iliyobaki akaichanganya na yake kununua stabilaiza ndogo na flashi mpya ya kikoba. Masharti aliyopewa yalikuwa mafupi. Stabilaiza ichomekwe ukutani, peke yake, isikae na friji wala pasi. Boksi lisisukumwe hadi ukutani, lisiwekwe juu ya zulia, lipulizwe vumbi kila baada ya miezi michache likiwa limechomolewa. Faili la kikoba linakiliwe kila mkutano unapokwisha. Na kompyuta ya hesabu isiwekewe tena gemu la kibanda cha muvi. Kama fedha ya gemu halali haipo, yapo mengi yanayotolewa bure na wenyewe.

Saa kumi na moja jioni, Msimbazi Polisi huwa hapapandiki mtu mwenye mzigo. Mabasi yanafika yakiwa yamejaa. Anayejua hutembea hadi Gerezani, mwanzo wa njia, akapanda akiwa na nafasi ya kuchagua kiti. Walitembea. Jua lilikuwa limeshuka kati ya maghorofa, machinga wakitandika vitambaa vyao vya jioni barabarani, na kijana alikataa kusaidiwa kubeba. Ndani ya basi alilala, kidevu juu ya boksi, hadi Kimara.

Baba hakuwepo walipofika. Kijana aliunganisha waya mwenyewe, akafuata masharti, akasogeza meza mbali na ukuta. Saa moja na robo taa ya sebuleni ikafifia kama kawaida yake, na sindano ya stabilaiza ikatikisika. Gemu liliendelea. Mama alikuwa mezani na kompyuta ndogo ya binti yake, anajaza marejesho ya wale wawili, flashi mpya imechomekwa ubavuni.

Baba aliingia dakika ya 60 ya mechi, mkononi mfuko wa chipsi mayai ambazo hazikuagizwa na mtu. Aliuweka mezani. Alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe hadi filimbi ya mwisho, kisha akauliza kama hilo gemu linachezwa na watu wawili.

Kijana akamsogezea kigoda.